Mabeseni ya Vasco da Gama

Katika vitabu vingi ambavyo vijana wetu wamevisoma kwa miaka na mikaka, Vasco da Gama huingia Pwani ya Afrika Mashariki akiwa amenyooka mithili ya sanamu. Hakohoi, hapigi chafya, hapotei njia wala hachekwi na mtu. Mwanafunzi huelezwa kwamba Mreno huyo alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka wa 1498, kwamba alikuwa akitafuta njia ya kufika Bara Hindi, kisha huamrishwa ataje sababu tano za safari hiyo na athari zake sita. Akizitaja hutuzwa alama zake. Akitoka katika chumba cha mtihani huziacha humo humo, kama mtu aliyesahau mwavuli wa kuazima.

Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni isimu, na mwanaisimu akionekana katika shamba la historia ni haki aulizwe alipopitia. Lakini maadamu kumbukumbu za safari ile zimesheheni maneno yaliyosikiwa vibaya na majina yaliyopachikwa visivyo, naomba walimu wa historia waniruhusu nichume matunda mawili matatu. Hoja yangu ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza: historia ya Ulaya ya karne za mwisho za Enzi za Kati ifundishwe pamoja na vichekesho vyake, ifundishwe hivyo hasa katika shule za mitaa kama Kibera na Kawangware, na isimuliwe kwa Kiswahili.

Kwa nini Kibera na Kawangware? Kwa sababu wanafunzi wa huko wamezoea kuwa wao ndio kioja. Wageni huja na kamera kuwapiga picha wakiruka mitaro. Waandishi wa mbali wameandika mara nyingi mno kwamba Kibera ina watu milioni moja na zaidi, na kwamba hakuna mtaa wa mabanda mkubwa kuushinda katika Afrika nzima. Sensa ya mwaka wa 2009 ilipohesabu ilipata watu 170,070. Tofauti hiyo si ndogo. Hivyo ndivyo walivyofanya waandishi wa matukio wa Ulaya ya zamani, ambao wakiona jeshi la watu elfu kumi waliandika laki moja, kwa kuwa laki moja husomeka vizuri zaidi. Mtoto aliyelelewa ndani ya tarakimu za namna hiyo anastahili kujua kwamba huko zinakotoka nako kulikuwa na vioja vyake.

Na vilikuwa vingi. Mwaka wa 1325 miji ya Bologna na Modena nchini Italia ilipigana vita ambavyo hadi leo huitwa Vita vya Ndoo, kwa kuwa washindi wa Modena walirudi nyumbani na ndoo ya mbao waliyoichukua kisimani huko Bologna. Wanahistoria wanatuambia ndoo haikuwa chanzo cha vita hivyo, na kwamba ilitwaliwa baada ya mapigano, kwa kejeli. Haidhuru. Modena imeihifadhi ndoo hiyo mpaka sasa. Sijui mtaa ambao ungeielewa habari hii upesi kuliko Kawangware, ambako mtungi wa lita ishirini ukisogezwa bila idhini kwenye foleni ya maji unaweza kuleta balaa. Mwaka wa 1386, katika mji wa Falaise nchini Ufaransa, nguruwe aliyekuwa ameua mtoto alishtakiwa, akahukumiwa na kunyongwa hadharani. Mwaka wa 1474, mjini Basel, jogoo alifikishwa mbele ya wakubwa kwa kosa la kutaga yai, akachomwa moto pamoja na yai lenyewe. Wakili wa jogoo angeweza kusema nini?

Nako London, mwaka wa 1326, mtu mmoja aitwaye Richard, ambaye kazi yake ilikuwa kuzoa taka za mji, alikaa chooni kwake juu ya mbao zilizooza. Mbao zikavunjika, akatumbukia shimoni na kufa humo. Mwaka wa 1349, wakati wa ile tauni kuu, Mfalme Edward wa Tatu alimwandikia meya wa London akilalamika kwamba njia za mji zimejaa kinyesi. Mwaka wa 1388 Bunge la Uingereza lililoketi Cambridge lilipitisha sheria ya kukataza watu kutupa samadi na matumbo ya wanyama katika mitaro na mito. Watu wengi wa Nairobi wanaikumbuka mifuko ya plastiki iliyokuwa ikirushwa usiku kutoka vibandani, kabla ya marufuku ya mifuko hiyo ya Agosti 2017, na wanakumbuka jinsi mifuko hiyo ilivyoandikwa duniani kote kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa ya watu wa Kibera. Ilikuwa ni tabia ya kukosa choo. Raia wa London wa karne ya 14 hawakuwa na tabia nyingine, ijapokuwa walikuwa na mfalme, bunge na kanisa kuu.

Lakini nisiwazungushe Ulaya ilhali kichekesho kikubwa zaidi kilitujia wenyewe hapa nyumbani, kikaletwa kwa meli.

Kuhusu safari ya Da Gama tunayo kumbukumbu iliyoandikwa na mmoja wa wasafiri wake, ambaye wataalamu wengi hudhani ni Álvaro Velho. Ni maandishi mafupi, yasiyo na madaha. Mwandishi huyo haoni kwamba anachekesha, na hiyo ndiyo sababu anachekesha. Wareno waliwasili Kisiwa cha Msumbiji mapema mwezi wa Machi 1498. Wenyeji, ambao walizoea kuona wageni wa kila rangi, waliwadhania Waturuki. Mtawala wao akaomba aonyeshwe pinde za nchi yao na vitabu vya dini yao. Naye alipopewa zawadi zilizoletwa, yaani kofia, mavazi, ushanga wa marijani na vikorokoro vingine, alizitazama kwa dharau na kuuliza kama hawana kitambaa chekundu kizuri. Hawakuwa nacho. Walikuwa wamejitayarisha kukutana na watu wasiowahi kuona kofia, wakakutana na watu waliovaa kitani na pamba zilizotariziwa kwa hariri na dhahabu.

Mjini Mombasa, walikofika tarehe 7 Aprili, watu wawili walitumwa nchi kavu kuuchunguza mji. Walipelekwa nyumbani kwa wafanyabiashara wawili walioaminiwa kuwa Wakristo, wakaonyeshwa karatasi yenye picha waliyoiabudu. Wareno wakaandika kwamba ilikuwa picha ya Roho Mtakatifu. Yamkini wafanyabiashara hao walikuwa Wahindi, na picha yenyewe ya mmoja wa miungu yao. Lakini Wareno walikuwa wametoka kwao wakiwa na hakika kwamba huko mashariki kuna mfalme mkuu wa Kikristo, Kuhani Yohane, na waliandaa masikio na macho yao kumpokea.

Kule Malindi ndiko masikio hayo yalikofanya kazi ya ajabu. Bandarini mlikuwa na vyombo vinne vya Wahindi. Mabaharia wake walipoiona picha ya Bikira Maria chini ya msalaba waliinama kwa heshima, na Da Gama alipopita karibu nao katika mashua walipaza sauti kwa furaha. Mwandishi wetu anasema walikuwa wakilitaja jina la Kristo. Wataalamu wengi waliokuja baadaye wamedhani kwamba walikuwa wakilitaja jina la Krishna. Hebu mwalimu wa lugha alitamke jina hilo polepole mbele ya darasa: K, R, I, SH. Sauti tatu za mwanzo ni zile zile, na ya nne inakaribiana. Sikio lililokwisha kuamua linataka kusikia nini halihitaji sauti ya tano. La kufurahisha zaidi ni kwamba mwandishi huyo huyo anaeleza, bila ya kushtuka, kwamba Wakristo hao walimwambia hawali nyama ya ng'ombe.

Sisi wanaisimu tuna maelezo marefu ya jambo hili, na nitawahurumia wasomaji. Itoshe kusema kwamba mtu hasikii kwa sikio tupu. Husikia kwa lugha aliyonayo, kwa imani aliyonayo na kwa hamu aliyonayo. Anayengoja mgeni fulani humsikia akibisha hata mlango unapogongwa na upepo.

Sasa tuje kwenye mabeseni. Mfalme wa Malindi alianza kwa kumpelekea Da Gama kondoo watatu. Da Gama naye akamtumia joho moja, mashada mawili ya marijani, kofia moja, vijikengele, vitambaa viwili vya mistari na mabeseni matatu ya kunawia mikono. Mfalme, kwa uungwana ambao ningependa ukadiriwe vilivyo na kila anayefundisha adabu, akajibu kwa kondoo sita, karafuu, jira, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Yaani vitu ambavyo Wareno walikuwa wamezunguka bara zima la Afrika kwa miezi tisa kuvitafuta, waliletewa melini kama kitoweo. Kisha akaja mwenyewe baharini kuonana na mgeni, amevaa joho la hariri lenye pindo la atlasi ya kijani, akakalia viti vya shaba vyenye mito chini ya mwavuli mwekundu, huku siwa mbili za pembe za ndovu, ndefu kama mtu, zikipulizwa kupitia tundu la ubavuni. Da Gama alialikwa ashuke. Akasema bwana wake amemkataza kwenda nchi kavu. Nadhani ningekuwa nimeleta mabeseni matatu ningeona haya vilevile.

Ni vyema ikumbukwe ni mji gani huu uliopewa vijikengele. Mwaka wa 1415, miaka 83 kabla ya siku hiyo, wajumbe wa Malindi walikuwa wamefika mbele ya mfalme wa Uchina wa ukoo wa Ming, Yongle, wakiwa na zawadi ya twiga. Wachina nao, tusiwasahau, walimwona twiga wakamtambua kuwa ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayejitokeza pale ufalme unapotawaliwa kwa haki. Wapo wanaosema kwamba jina la twiga kwa Kisomali, geri, lilisaidia kosa hilo. Kwa hiyo kusikia vibaya si ugonjwa wa Ulaya peke yake. Tofauti ni kwamba Malindi ilipeleka twiga na ikapokea beseni.

Kilichofuata Kalikuti, ambako meli zilifika tarehe 20 Mei 1498, ni mchezo wa kuigiza usiohitaji mtunzi. Da Gama na watu wake walipelekwa katika hekalu la Kihindu wakadhani ni kanisa. Wakaona kutani picha za watakatifu wenye mikono minne au mitano na meno yaliyochomoza nje ya vinywa, wakapiga magoti. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, João de Sá, aliingiwa na shaka, akasema akiwa bado magotini kwamba ikiwa hawa ni mashetani, basi yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Huo ndio udadisi wa kisayansi pekee tunaousikia siku hiyo! Baadaye zikatolewa zawadi za mtawala wa Kalikuti: vitambaa kumi na viwili vya mistari, kofia, marijani, sukari, mapipa mawili ya mafuta, mawili ya asali na, naam, mabeseni sita. Maofisa wa mtawala waliangua kicheko, wakasema mfanyabiashara maskini kabisa atokaye Makka hutoa zaidi ya hapo.

Hata jina la rubani aliyewavusha bahari kutoka Malindi waliliharibu. Mwanahistoria Mreno wa karne ya 16, João de Barros, alimwandika Malemo Cana. Vitabu vya baadaye vikamfanya kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni, jambo ambalo wachunguzi wengi wa siku hizi wamelikataa. Lakini tazameni neno hilo la kwanza. Malemo ni nini? Ni mwalimu. Neno hilo lenye asili ya Kiarabu lilitumika katika Bahari ya Hindi kumwita mjuzi wa njia za majini. Cana nalo hudhaniwa kuwa ni kanaka, cheo cha mtu asomaye nyota. Basi mtu aliyempeleka Da Gama India hatumjui jina lake. Tunajua cheo chake tu, na cheo chenyewe ni mwalimu. Walimu wenzangu ambao majina yao husahaulika pindi mwanafunzi anapofaulu hawatahitaji ufafanuzi.

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya Kawangware, nikawasimulia habari hizi kwa Kiswahili. Niliwaona wakicheka, na kicheko si haba, lakini lililonivutia ni maswali. Msichana mmoja aliuliza kwa nini watu waliokuja na vitu duni namna ile ndio waliotawala baadaye. Hilo ndilo swali la historia ya Pwani. Sijaliona likichipuka katika orodha ya sababu tano.

Jibu lake linakausha kicheko. Usiku mmoja, wakiwa bado Mombasa, Da Gama aliwahoji mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka mwilini. Mwaka wa 1502 alirudi na kundi kubwa la meli za vita akailazimisha Kilwa kulipa dhahabu kila mwaka. Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaipora Mombasa na kuitia moto. Walioshindwa kutofautisha Krishna na Kristo hawakuhitaji kutofautisha, kwani walikuwa na mizinga. Nilipomwambia msichana yule hivyo alinyamaza kidogo, kisha akaandika katika daftari lake. Hakuna aliyemwambia aandike.

Mhadhiri mwenzangu wa historia, ambaye namheshimu sana, amenipinga kuhusu jambo hili. Anasema kuwacheka watu wa kale kwa ujuzi wa leo ni uonevu, na kwamba tutawazoesha vijana kudhani kwamba wazee wa dunia walikuwa mapunguani. Pingamizi hilo lina uzito. Waliomnyonga nguruwe wa Falaise walikuwa na utaratibu wao wa haki, na pengine mama wa mtoto yule alifarijika. Da Gama naye alikuwa baharia hodari kupindukia, aliyewaongoza watu katika bahari ambazo hawakuzijua, na wengi wao hawakurudi. Lakini ninachopendekeza si kumdhihaki mfu. Napendekeza tuache kumtenga na ubinadamu wake. Anayefundishwa kwamba mgeni hakuwahi kukosea atahitimisha, hata bila kuambiwa, kwamba mwenyeji ndiye aliyekosea.

Na kusikia vibaya kunakofanywa na mwenye nguvu hakuishi bandarini. Askari wa Kinubi waliotoka Sudan na kulitumikia jeshi la Waingereza walipewa makao pembezoni mwa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msitu katika lugha yao ya Kinubi. Karani wa ramani akasikia Kibera, nasi sote tukafuata. Ingekuwa ni irabu tu iliyochomekwa kati ya konsonanti mbili, jambo ambalo lugha za Kibantu hulifanya kila siku, nisingepoteza wino. Lakini watu wenyewe nao waliitwa Wasudani, wakahesabiwa wageni, na ardhi waliyoipa jina ikabaki kuwa ya serikali. Jimbo la uchaguzi lililoundwa kwa uchaguzi wa mwaka wa 2013 liliandikwa Kibra, na mwaka wa 2017 jamii hiyo ikapewa hati ya ekari 288. Ilikuwa imepita zaidi ya karne moja. Kawangware nayo yasemekana imetokana na ngware, yaani kware kwa Kikikuyu. Ndege hao hawaonekani tena huko, ila jina limewahifadhi.

Mtoto wa mitaa hii anasikia Kinubi, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kikikuyu na Sheng kabla ya kufika lango la shule. Anajua kwa uzoefu jinsi neno linavyogeuka likivuka uchochoro. Mwambie habari ya Malemo Cana na atalifumbua fumbo hilo kabla ya mhadhiri. Lakini ukimpa habari hiyo kwa Kiingereza cha mtihani atanakili tahajia na kupitwa na mzaha, kwa sababu mzaha wenyewe umo ndani ya Kiswahili.

Kurasa za kumbukumbu ile zinazohusu Msumbiji, Mombasa na Malindi ni chache. Walimu watatu au wanne wenye bidii, mmoja wa historia na wengine wa Kiswahili, wanaweza kuzifasiri kwa lugha nyepesi katika likizo moja ya Desemba, wakazichapa na kuzigawa kwa bei ya daftari. Mimi niko tayari kusaidia katika majina na tahajia. Wa kutoa maelezo ya mabeseni sijampata.